Mjomba Anasema 20W-50, Kifuniko Kinasema 0W-20

SWALI

Mzee Fundi, habari za huko. Mimi ni muuguzi, nafanya kazi Molo, na kwetu ni Luanda, Vihiga. Nina Fielder ya mwaka 2013, injini ya 1NZ, niliyoinunua Nakuru kwa mtu miaka mitatu iliyopita. Imeshatembea kilomita 168,000. Siku za kazi inanipeleka hospitalini na kunirudisha, kilomita tatu kwenda na tatu kurudi. Mara moja kwa mwezi nashuka nyumbani kupitia Mau Summit, Kericho, Ahero, Kisumu na Maseno.

Shida yangu ni oili, na shida yenyewe ina mjomba ndani yake.

Kaka yake mama ana gereji pale Luanda. Ndiye aliyenifundisha kuendesha, tena kwa pikapu yake ya Datsun 1200 ambayo mpaka leo anaiendesha. Nikienda nyumbani, sevisi anafanya yeye na pesa zangu hazitaki. Disemba nilimwambia mwenye gari wa kwanza alikuwa akitumia 5W-30. Akacheka. "Hayo ni maji." Akasema gari likishapita kilomita laki moja na nusu huwekewa 20W-50, na kwa joto la Kisumu hizo oili nyepesi huishia kwenye moshi. Akanituma dukani, nikanunua kopo la lita nne la 20W-50 na jingine la lita moja la kuongezea njiani. Zile nne akazimimina zote. Filta aliifungua, akaipangusa kwa kitambaa, akairudisha. "Hii bado iko sawa."

Tangu nirudi Molo, asubuhi nikiwasha, injini inalia kra-kra-kra kwa sekunde tatu hivi kisha inanyamaza. Haikuwa na tabia hiyo. Fundi wa hapa anasema nimwage oili leo leo, la sivyo injini itanoki. Muuza spea mmoja Nakuru alinifungulia boneti akanionyesha kifuniko cha kumiminia oili: kimeandikwa 0W-20. Akasema nisiweke nyingine yoyote isipokuwa hiyo, sintetiki kamili, lita nne kwa shilingi 5,800, na juu yake niongeze chupa ya dawa ya injini. Mume wangu naye anasema oili ya mjomba ilikuwa feki kwa sababu ndani ya wiki tatu ilikuwa imeshakuwa nyeusi.

Nisisahau: hata kabla ya Disemba gari lilikuwa linakula oili kidogo. Kati ya sevisi na sevisi, yaani kilomita 5,000, naongeza kama lita moja. Moshi sijauona. Na mdogo wangu wa boda boda huniomba mabaki ya oili amimine kwenye pikipiki yake.

Nimsikize nani? Na nikimkataa mjomba, nitamwambiaje? Pasaka nitakuwa nyumbani.

Mwenye Fielder, Molo

JIBU

Binti yangu, pole kwa mahakama hiyo ya mahakimu wanne. Nimeisoma barua yako mara mbili, na kila mmoja wao ana robo ya ukweli. Lakini wote wanne wamebishana juu ya namba, na hakuna hata mmoja aliyeuliza juu ya filta. Mimi nitaanza hapo.

Filta haipanguswi. Uchafu wake hauko nje unakopitisha kitambaa, uko ndani kwenye mikunjo ya karatasi. Karatasi ikiziba, kuna valvu ndogo inayofunguka ili injini isikose oili, na kuanzia hapo oili inazunguka na uchafu wake wote. Tena ndani ya filta mna kipira kinachozuia oili isirudi sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, gari likilala. Kipira kikikakamaa, filta inakesha tupu, na asubuhi pampu lazima ijaze filta kwanza ndipo ianze kupeleka oili juu. Sasa, cheni ya injini yako inakazwa na kikaza kinachosukumwa na presha ya oili. Presha isipofika, cheni inalegea na kupigapiga. Kra-kra-kra yako ya sekunde tatu inafanana sana na hiyo.

Inaweza kuwa filta, inaweza kuwa oili nzito kwenye baridi ya Molo, na mimi nadhani ni vyote viwili. Mjomba alikuwekea washukiwa wawili siku moja, ndiyo maana huwezi kujua wa kumshika.

Tuje kwenye namba. Ile ya mbele, yenye herufi W, inahusu oili ikiwa baridi. Ndogo maana yake inatiririka upesi zaidi asubuhi. Ya nyuma inapimwa oili ikiwa na joto la nyuzi 100, yaani injini ikiwa kazini. Kwa vipimo vya SAE, chama cha wahandisi wa magari, oili ya 30 kwenye joto hilo lazima iwe na uzito wa kutiririka (hupimwa kwa cSt) kati ya 9.3 na 12.5. Oili ya 50 inaanzia 16.3 na inaweza kukaribia 22. Kwa hiyo hata injini ikishachemka, mjomba amekupa kitu kizito karibu mara mbili ya ulichokuwa ukitumia. Ikiwa baridi, tofauti inazidi hapo.

Anachosema mjomba kuhusu joto la Kisumu nimekisikia tangu nikiwa kijana wa kushika spana pale Kondele, na nimekiamini miaka mingi. Kina kasoro moja. Joto la Kisumu liko nje ya injini. Ndani, themostati inahakikisha maji yanazunguka kwenye nyuzi 80 na kitu, uwe Dunga kando ya ziwa au uwe Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari, mkono ukiwa umekufa ganzi kwenye usukani. Oili yako inafanya kazi kwenye joto karibu lile lile kote huko. Kinachobadilika ni ile dakika ya kuwasha. Kisumu asubuhi injini inaamka kwenye nyuzi 18 au 20. Molo, zaidi ya mita 2,400, asubuhi nyingi hazifiki nyuzi 10. Kwa hiyo kama hali ya hewa inapaswa kuamua jambo lolote kwenye gari lako, inaamua kinyume cha mjomba, maana gari linalala Molo.

Lakini usimwone mjinga. Alijifunza kazi kwa magari kama ile Datsun yake, na kwa Peugeot 504, gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978. Injini za wakati ule zilikuwa na nafasi pana kati ya chuma na chuma, na 20W-50 ilizifaa kabisa. Hiyo 1NZ ni mnyama mwingine. Ina VVT-i, mtambo unaogeuza kemshafti, ule mhimili unaofungua valvu, kwa presha ya oili, na oili hiyo inapita kwenye valvu yenye chujio dogo sana. Ilitengenezwa ikijua itapewa oili nyepesi. Ukiipa nzito inafanya kazi, ndiyo, haifi kesho, ila inachelewa kuitika na petroli inaenda kidogo zaidi.

Kwa hiyo fundi wa Molo kusema itanoki, hapo amekutisha bure. 20W-50 si sumu.

Na kifuniko? Kifuniko hakidanganyi, lakini hakisemi yote. Wajapani walipendekeza 0W-20 kwanza kwa ajili ya kuokoa petroli. Fungua kile kitabu cha gari, hata kama ni Kijapani chote, herufi za oili zimeandikwa kama tunavyoziandika sisi; kwa injini hiyo utaikuta na 5W-30 kwenye orodha. Gari jipya ningeliwekea 0W-20 bila kufikiri. Gari la kilomita 168,000 linalokula lita moja kila kilomita 5,000, naliwekea 5W-30. Hapo ndipo ninaposimama. Ikiwa baada ya sevisi mbili ulaji umeongezeka, panda hadi 5W-40. Hiyo ni hatua moja. Mjomba aliruka ngazi nzima.

Ulaji huo wenyewe usikunyime usingizi. Lita moja kwa kilomita 5,000 kwa umri wa gari lako ni jambo la kuangalia, si la kufungua injini. Ringi za pistoni zimechoka kidogo, au sili za valvu zimekakamaa. Chungulia pia chini ya injini asubuhi kama kuna tone sakafuni, kwa sababu nimeona watu wakinunulia ringi gari lililokuwa likivuja kwenye nati ya sampu.

Kitu kinachoua injini huku kwetu ni kutopima. Mwaka mmoja nililetewa Probox iliyovutwa kwa kamba kutoka upande wa Maseno, injini imekwama. Dereva aliapa mbele yangu: "Fundi, mimi naweka ile ya bei ghali." Nikachomoa dipstiki. Ilitoka kavu kama kijiti cha mshikaki ulioliwa ukaisha. Oili ilikuwa ya bei ghali kweli. Tatizo ni kwamba ilikuwa imebaki kama lita moja na nusu chini huko, na hakuna aliyeitazama kwa miezi mitatu. Taa nyekundu ya oili kwenye dashibodi haikuambii oili imepungua. Inakuambia presha imekatika, na ikiwaka ukiwa kwenye mwendo, zima hapo hapo, hata kama ni katikati ya Ahero siku ya soko.

Wewe pima kila Jumamosi. Gari lisimame pa tambarare, injini izimwe dakika tano. Chomoa, pangusa, rudisha hadi mwisho, chomoa tena. Oili ikae kati ya alama mbili, karibu na ya juu bila kuipita. Na hapa kuna lile jambo la lita nne: injini yako, ikibadilishwa pamoja na filta, inachukua karibu lita 3.7. Mjomba alimimina kopo zima, kama mafundi wengi wanavyofanya, kwa sababu kopo linauzwa la nne. Kikombe kimoja cha ziada hakiui, lakini ukizidisha sana kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, inaanza kuipiga oili mpaka itoe povu, na povu halibebi presha. Hicho kikombe kinachobaki ndicho cha kuanzia kuongezea kati ya sevisi na sevisi. Kopo likae kwenye buti.

Jambo jingine ambalo hukuuliza, na kwangu ni kubwa kuliko namba: kilomita tatu za hospitali. Injini haipati nafasi ya kuchemka. Maji yanayotokana na uunguaji na petroli isiyoungua vinateremka kwenye oili na vinabaki humo, kwa sababu oili haikupata joto la kuvifukuza. Fungua kifuniko cha oili asubuhi moja, tazama chini yake. Ukikuta utando wa rangi ya chai ya maziwa, ndicho hicho. Safari yako ya mwezi ya kwenda Luanda inaisafisha kidogo, na kwa hilo mshukuru mama anayekuita nyumbani. Lakini usihesabu kilomita peke yake. Mwaga kila kilomita 5,000 au kila miezi sita, kinachotangulia, hata kama muuza duka atakuambia sintetiki inafika 10,000. Inafika, kwa mtu anayeendesha Nakuru hadi Kisumu kila siku. Kwako wewe haifiki.

Hiyo ndiyo sababu sikusukumi kwenye kopo la shilingi 5,800. Tafuta 5W-30 yenye alama ya API, taasisi ya Marekani inayopanga viwango vya oili, ile ya duara, iliyoandikwa SN au SP. Herufi S ni za injini za petroli. SP ni mpya kuliko SN, ilianza mwaka 2020, na gari lolote linaloridhika na SN linaridhika nayo. Ikiwa herufi zake zinaanza na C peke yake, ni ya dizeli, iache. Ukipata sintetiki kwa bei unayoiweza, vizuri, asubuhi za Molo zitaipenda. Ukikosa, ya kawaida yenye alama hizo na ikamwagwa kwa wakati itakufikisha.

Bwana yako naye ana hoja nusu. Weusi si ushahidi wa ufeki. Oili nzuri ina sabuni ndani yake, inaosha masizi na kuyabeba, ndiyo maana inakuwa nyeusi. Kwa injini yenye filta ya zamani na utando wa miaka kumi, wiki tatu ni muda wa kutosha. Ile isiyogeuka rangi kabisa ndiyo ningeitilia shaka. Ila feki ipo, na ipo nyingi, na mara nyingi huja ndani ya kopo halisi: makopo matupu yanaokotwa gereji, yanajazwa oili chafu iliyochujwa, kifuniko kinabandikwa upya. Nunua kwenye kituo cha mafuta au kwa wakala anayejulikana, angalia pete ya kifuniko ivunjike mkononi mwako wewe, na ukimaliza kopo, litoboe msumari kabla ya kulitupa.

Dawa ya injini ya chupa, hapana. Hiyo hela nunua filta halisi, na washa (kile kipete cha kuziba) ya nati ya sampu.

Mdogo wako mwambie aache. Pikipiki yake klachi inaogelea kwenye oili ile ile ya injini, na oili nyingi za gari, hasa hizi nyepesi, zina viungo vya kulainisha vinavyofanya klachi iteleze. Atakuja kusema pikipiki haina nguvu mlimani akiwa na abiria wawili. Atafute iliyoandikwa JASO MA, alama ya oili za pikipiki zenye klachi ya namna hiyo. Na wewe mwenyewe, kama Fielder yako ni ya giaboksi ya CVT, ile otomatiki isiyo na gia za hatua, siku mjomba akitaka kubadilisha oili ya giaboksi hapo ndipo umkatalie waziwazi, maana CVT ina oili yake peke yake na kosa lake halirekebishiki kwa kumwaga.

Sasa mjomba.

Usingoje Pasaka, kila ukiwasha na ile kra-kra, unajiongezea uchakavu. Badilisha wiki hii hapo hapo Molo, filta na oili pamoja, injini ikiwa moto. Haihitaji kuoshwa kwa kitu chochote, 20W-50 itakayobaki kwenye pembe itachanganyika na mpya bila ugomvi. Lakini kabla ya kwenda gereji, mpigie mjomba simu. Kabla, si baada. Usimtajie fundi wa Molo, kwa sababu hakuna fundi duniani anayependa kusikia fundi mwingine amesema nini. Usimtajie namba pia. Mwambie: "Mjomba, tangu nirudi baridini inalia asubuhi sekunde tatu, halafu inanyamaza. Ni nini?" Muulize kama mgonjwa anavyomuuliza daktari, wewe hilo unalijua kuliko mimi. Fundi aliyekaa na Datsun moja miaka yote hiyo ana masikio. Nitashangaa asipotaja cheni au filta mwenyewe, na akishataja, 5W-30 itakuwa wazo lake nusu. Akikataa kabisa, mwambie unaijaribu kwa sababu ya baridi ya Molo. Si uongo, na wala haimvunjii heshima, kwa kuwa yeye anaishi Luanda.

Kelele ikiendelea na filta mpya na oili mpya, baada ya wiki mbili niandikie tena. Hapo tutaangalia kikaza cheni chenyewe.

Pasaka ukifika, toa kile kifuniko cha oili umpe mkononi akisome mwenyewe, bila hotuba. Na ile lita moja ya 20W-50 uliyobaki nayo kwenye buti, mpelekee. Datsun yake ndiyo hasa iliyotengenezewa oili ya namna hiyo.